Wifi Yako Anasumbua

Mkono ulioangukia bega la msahihishaji haukuwa wa mumewe.

Mliokaa na roho juu tangu toleo lililopita mnaweza kushusha pumzi, ila msiishushe yote. Mkono ule ulikuwa wa mama mkwe, na kwa hali ilivyokuwa, afadhali ungekuwa wa mume.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Silii, mama. Macho tu. Kusoma kwingi."

"Kusoma gani kwa kusonya? Nimekusikia tangu jikoni."

Msahihishaji, aliyekuja nyumbani kula chakula cha mchana, alitaka kufunika kompyuta. Alichelewa. Mama mkwe alikuwa keshavuta kiti, keshakaa, na alikuwa na sura ya mtu asiyeinuka bila jibu.

Aliyeanza kusoma leo asihangaike, mambo yako hivi. Mwanamke huyu husahihisha vitabu vya shule kwenye kampuni ya uchapaji, na hajawahi kuliachia kosa lipite mbele ya kalamu yake nyekundu. Mumewe huchora ramani za majengo, na siku asizokuwa kwenye ujenzi hufanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta iliyo chumba cha mbele. Tangu aanze kutoweka kila Jumamosi mchana na kurudi akipiga mluzi, mkewe amekosa raha. Ndipo fundi kompyuta wa ofisini, yule wanayemwita Bisibisi, alipompa programu ndogo ya kupachika kwenye mashine ya mume. Haionekani, haipigi kelele. Kila herufi mume anayobonyeza, hata ile anayoifuta, inaruka papo hapo hadi kwenye kompyuta ambayo mkewe huibeba kwenda nayo kazini na kurudi nayo.

Herufi za mume tu. Anachojibiwa hakiji. Ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu chumba cha pili: upande mmoja unausikia, upande wa pili unaujaza mwenyewe.

Msahihishaji aliujaza. Yule asiyejibu alimpa sura, akampa kiuno, akampa sebule yenye mapazia mepesi na sofa ambalo juu yake mume wa mtu hulala chali akichekeshwa.

"Ana mwanamke, mama," alisema.

"Nani?"

"Mwanao."

Mama mkwe aliangua kicheko. "Mwanangu huyu? Anayetoka na soksi za rangi mbili? Huyo mwanamke amempendea nini, rula?"

"Sitanii, mama. Anakwenda nyumbani kwake. Hata waifai yake anaitumia."

"Anatumia nini yake?" Mama mkwe alishika kifua.

"Waifai. Intaneti ya bila waya. Ukiwa mgeni wa kawaida hupewi. Mpaka mwenyewe akuamini, akupe neno la siri."

"Neno la siri tena! Soma nisikie."

Msahihishaji alisoma kwa sauti kavu, kama asomavyo kurasa za majaribio kazini. "'Bila waifai yako ningekuwa wapi.' Hiyo ya juzi. Halafu ya leo asubuhi: 'Waifai yako inasumbua kweli wiki hii. Jana ilinikatia katikati ya maongezi. Leo imenuna.'"

"Imenuna?"

"Ndiyo."

"Intaneti inanuna?"

"Anatania, mama. Na huyo ndiye anayetaniana naye. Mimi nikimwuliza jambo ananijibu 'sawa', 'haya', 'tutaona'."

Mama mkwe alivaa miwani yake iliyokuwa ikining'inia kifuani, akasogeza uso hadi kwenye kioo cha kompyuta, akafuata mstari kwa kidole.

"Mbona hapa hapajaandikwa inasumbua? Pameandikwa anasumbua."

"Kakosea. Mwanao hajui upatanisho, tangu nimeolewa anasema 'meza amevunjika'. Nikimsoma namsahihisha kichwani, siku hizi hata sioni tena alichoandika. Nimeshazoea."

"Na hapa hapajaandikwa waifai. Pameandikwa wifi."

"Ndivyo inavyoandikwa, mama. Inatamkwa tu..."

"Nyamaza nisome. Kusoma najua tangu hujazaliwa. 'Wifi yako anasumbua kweli wiki hii. Jana alinikatia katikati ya maongezi. Leo amenuna.'" Alivua miwani. "Jana nani kamkatia mwanangu simu, mpaka mimi jikoni nikaacha kijiko?"

Msahihishaji aliinamia vitufe vya kompyuta.

"Nakuuliza."

"Mimi."

"Na aliyenuna humu ndani tangu asubuhi ni nani?"

"Mimi, mama."

"Basi intaneti ni wewe."

Msahihishaji alilitazama tena lile neno. Wifi. Neno alilojifunza kulitamka kabla ya kujua kuhesabu, na ambalo kazini angelikuta kwenye kitabu cha darasa la kwanza bila kusita hata kidogo. Mumewe, kwa mara moja katika maisha yake ya ndoa, alikuwa amepatanisha sentensi sawasawa. Yeye ndiye aliyeiharibu kwa kuisahihisha. Wiki zote hizi alikuwa akimwonea wivu mwanamke mwenye sofa, kumbe anayesemwa kwenye kila mstari ni yeye mwenyewe. Bila wifi yako ningekuwa wapi. Aliusoma tena mstari ule, polepole.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka mara ya pili. Mama mkwe naye alicheka, akipiga paja.

Kisha mama mkwe akaacha kucheka.

"Wifi wa nani?" aliuliza.

"Mama?"

"Mwanamume akimwambia mtu 'wifi yako', na akamaanisha mkewe, huyo anayeambiwa ni nani wake?"

"Ni dada ya..." Msahihishaji hakumaliza.

"Dada yake. Eeh. Na mimi nilizaa mmoja."

Ule wivu haukutoka chumbani. Ulihama kiti tu, na kwenye kiti cha pili ulikuta nafasi kubwa zaidi.

"Yule wa duka la dawa," alisema mama mkwe, si kwa mkwewe. Alikuwa akisema na ukuta.

"Nani, mama?"

"Marehemu baba mkwe wako alikuwa akiumwa kichwa kila Alhamisi. Kichwa gani kinauma kwa ratiba? Anakwenda duka la dawa analalama, anarudi anaimba. Nikamkabili. Akaapa yameisha, na mtoto hakuna. Nikamwamini, mimi mjinga. Nimemwuguza, nimemlisha kwa kijiko, nimemfumba macho kwa mkono huu. Na wakati wote huo ana binti!"

"Labda ni ndugu wa mbali. Labda binti wa baba mdogo."

"Baba mdogo yupi? Marehemu alikuwa peke yake kama kidole gumba. Nionyeshe mengine."

"Hakuna mengine."

"Mwanangu, wewe hujui kudanganya. Unakunja pua."

Msahihishaji aliikamata kompyuta kuifunika. Mama mkwe aliingiza kiganja katikati. Mtu hawezi kumfungia mama mkwe vidole, hata akiwa na sababu.

Mistari iliyofuata mama mkwe aliisoma mwenyewe, akitikisa midomo.

"'Unacheka kama mzee, mpaka nasisimka.'" Alirudisha kidole mwanzo wa mstari. "Anacheka kama yeye! Mimi kicheko kile nimekitafuta nyumba nzima tangu tumemzika, sijakipata hata kwa mwanangu, kumbe kiko kwa watu." Kidole kikashuka. "'Kuja nyumbani bado, mama yupo. Akishaondoka utakuja uone picha zote. Vumilia.'"

"Pengine alikuwa anamaanisha kusafiri."

"Mimi nimesafiri lini?"

Msahihishaji alikuwa na hofu moja, na ilikuwa nzito kuliko maswali yote. Mumewe aliwahi kuacha kazi nzuri, yenye mshahara wa maana, kwa sababu bosi alifungua droo yake bila ruhusa. "Anayefungua droo yangu hanitaki mimi," alisema siku ile, akaweka funguo za ofisi mezani, akaondoka na hakurudi hata kuchukua kikombe chake. Kwa mtu kama huyo programu ile haikuwa kosa la kusamehewa baada ya wiki mbili za kulala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu. Ilikuwa ndoa yote.

"Mama, nakuomba. Asijue kwamba tumesoma. Akijua ataniacha."

Mama mkwe alimtazama kwa muda. Alionekana ametulia ghafla, na kutulia kule kungemtia shaka mtu yeyote asiyekuwa na haraka ya kushukuru.

"Nani atamwambia? Futa uso, rudi kazini, utachelewa. Haya ni yangu mimi na wewe."

"Ahsante, mama."

"Na usikunje pua akikuuliza."

* * *

Kazini, msahihishaji aliweka kurasa za kitabu cha jiografia upande wa kushoto na kompyuta yake upande wa kulia. Alisoma aya ya kwanza mara tatu bila kuielewa.

Angepaswa kuwa na furaha. Hakuna kiuno, hakuna sofa. Kuna dada. Lakini ukweli ni ukweli, na tuuandike kama ulivyo: wivu haukuisha. Ulipungua makali, ukapata sababu mpya. Dada au si dada, kutoka kwa yule mtu mume hurudi akipiga mluzi. Yule anaambiwa mke kanuna, mke kakata simu. Yule anajua mambo ya mke, na mke hajui hata kama yupo. Siri nzuri vile, ya kumpenda mkewe, mumewe alimpa mtu mwingine aitunze.

Pembeni mwa kioo, kitone kidogo kikageuka kijani.

Kompyuta ya mume ilikuwa inatumika.

Msahihishaji alikunja uso. Mume alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kwenye ujenzi. Ina maana amerudi? Amerudi nyumbani mchana kufanya nini? Alichukua simu akapiga.

"Kalamu Nyekundu!" Mumewe humwita hivyo akiwa na moyo mzuri. Nyuma yake mashine ya kukoroga zege ilikuwa ikinguruma. "Umeacha kununa?"

"Uko wapi?"

"Ghorofa ya tatu, tunamwaga zege. Husikii?"

"Na kompyuta yako?"

"Iko nyumbani, iko wazi kama kawaida. Nyumbani mimi sifungi kitu. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Kwenye kioo herufi ya kwanza ilianguka. Ikapita sekunde nzima. Ikaanguka ya pili. Mumewe hupiga herufi kama mvua ya mawe. Huyu alikuwa mtu wa kidole kimoja, anayeitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano kwenye zulia.

*wewe ni nani*

Kisha maneno yale yakafutwa, herufi moja moja, kutoka mwisho hadi mwanzo.

Msahihishaji alikijua kidole kile. Mwaka jana mumewe alikaa na mama yake jioni kadhaa akimfundisha kuandika ujumbe, na wote watatu walicheka sana.

"Upo?" mume aliuliza.

"Nipo."

"Sikiliza. Leo jioni nina jambo la kukuambia. Nimelichelewesha mno, hata naona aibu."

"Jambo gani?"

"Si la kwenye simu. Ni zuri. Ila usimwambie mama kwanza, nakuomba. Wewe na mama mkikaa jikoni hambakizi kitu, ndiyo sababu nimelichelewesha. Mama nataka nimwambie mimi, taratibu, akiwa tayari."

*alikuja kwenu kila alhamisi*

Yakafutwa.

*meno yako yana mwanya kama yake*

Kidole kikasita hapo muda mrefu. Mwisho wake kikaweka alama ya kuuliza. Kisha yakafutwa nayo.

Bisibisi alipoieleza programu ile alisifu jambo hili hasa: inakamata na yale ambayo mtu ameyaandika akaghairi. Msahihishaji alidhani atakamata mapenzi. Sasa alikuwa akimsoma mjane akimwuliza mtoto wa mwenzake maswali asiyothubutu kuyatuma.

"Mbona kimya hivyo?" alisema mume. "Umeanza kukasirika kabla hujaambiwa?"

"Hapana. Nasikiliza."

*mama amefariki leo mchana. sasa unaweza kuja*

Msahihishaji alisubiri yafutwe.

Hayakufutwa. Yakatumwa.

Mumewe alikuwa akimwambia fundi mmoja asogeze ubao. Kwenye kioo palikuwa kimya, na kimya kile alishajifunza kukisoma: ni zamu ya upande wa pili kujibu, upande usioonekana. Halafu kidole kile kikarudi kazini.

*usilie*

Basi analia, aliwaza msahihishaji. Anamlilia mwanamke asiyemjua, ambaye ndiye anayemwandikia.

*njoo tu. wifi yako yupo atakupokea*

"Sikiliza," msahihishaji alianza, "mume wangu, hebu nenda..."

"Ngoja kidogo, kuna simu nyingine inaingia. Ni... kuna mtu wangu mmoja. Usikate, narudi sasa hivi."

"Usiipokee!"

Alikuwa ameshaipokea.

Msahihishaji alikaa na simu sikioni, akisikia mlio wa kusubiri, macho yamekwama kwenye kioo. Aliyekuwa akipiga alimjua kama vile amesimama mbele yake. Msichana anayecheka kama baba yake, na ambaye kwa wakati ule hakuwa akicheka, anampa kaka yake pole ya msiba.

Mlio ukakatika. Mumewe alirudi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Mama amekufa?"

"Nani kakuambia?"

"Nakuuliza, mama amekufa? Umenipigia kuniuliza kompyuta, na mama amekufa?"

"Hajafa! Mama mzima! Nimemwacha mzima!"

"Saa ngapi?"

"Nilipokwenda nyumbani kula, mchana."

"Mchana! Na ujumbe umetumwa sasa hivi, umetoka nyumbani kwangu! Kuna mtu yuko na maiti ya mama yangu, wewe unaniambia mchana!" Alikuwa anakimbia. Hatua zake zilikuwa zikigonga mbao. Nyuma yake mtu alipiga kelele: "Bosi! Bosi, si huko! Ngazi hizo bado hazina kingo!"

"Simama!" msahihishaji alipiga ukelele, na ofisi nzima ikageuka. "Simama hapo ulipo! Mama yu hai!"

"Ulikuwa naye mchana, hujui!"

"Yu hai sasa hivi! Dakika hii ninayosema na wewe!"

"Unajuaje?"

Hatua zilikuwa bado zinagonga, zikishuka. Sauti ya yule mtu wa nyuma ilikuwa imegeuka kilio. Msahihishaji alitafuta uongo. Alitafuta jirani, alitafuta simu ya mezani, alitafuta ndoto. Mbele yake herufi ziliendelea kuanguka moja moja, na kila iliyoanguka ilikuwa ya mtu mwenye pumzi.

"Kwa sababu anaandika," alisema. "Yuko kwenye kompyuta yako, anaandika kwa kidole kimoja. Ule ujumbe ni wake. Na mimi ninamsoma."

Hatua zikasimama.

Mashine ya zege ilikuwa ikinguruma mbali. Mumewe alipumua mara moja, akapumua tena. Alipokuja kusema, hakuuliza habari za mama.

"Unanisoma tangu lini?"